Aliyemkaba Koo Mwimbaji wa Bi Zuhura

Niliiweka mita yangu mezani Ijumaa iliyopita, baada ya miaka kumi na mmoja ya kufunga redio na spika za magari hapa Malindi, na kabla Jumatatu haijafika nilikuwa nimeshasikia sababu tatu za kuacha kwangu kazi. Ya kwanza, mume wangu kanikataza. Ya pili, nina mimba nyingine. Ya tatu, iliyotoka mdomoni mwa mtu niliyemfundisha mimi kushika bisibisi, eti kazi hii mwishowe humshinda mwanamke mwenye mtoto. Zote tatu ni uongo, na hiyo ya tatu imenikasirisha hata nikanunua daftari.

Sababu ya kweli ni mgongo. Anayeona kwamba thelathini na tatu ni umri mdogo wa kustaafu, na alale chali chini ya dashibodi miaka kumi na mmoja, kisogo kwenye kanyagio la breki na tochi mdomoni, halafu aje tuzungumze. Daktari wa Kilifi alitazama picha ya uti wangu akaniuliza kama nabeba magunia. Muhula ujao naanza kufundisha umeme wa magari kwenye chuo cha ufundi, nikiwa nimesimama wima kama binadamu wengine. Haya nawaandikia nyinyi mnaobaki gereji. Hamtasoma hapa nililipwa nini wala nilipandishwa lini. Mtasoma kazi.

Nilifika pale na cheti cha kidato cha nne kutoka Gede na viatu vyangu vya shule, maana sikuwa na vingine. Mwenye gereji, Bwana Faraj, alikuwa anatafuta mtu wa kukaa mbele, auze chaja za simu na kuwakaribisha wateja. Aliniajiri kwa sababu natabasamu vizuri. Alisema hivyo hivyo, na mimi, mjinga, nikatabasamu. Lakini mbele hakukuwa na feni. Feni ilikuwa nyuma, kwa mafundi, na chini ya feni ile alikaa fundi Athumani.

Alikuwa mtu wa Malindi mjini, mfupi, mkali, kofia yake nyeupe siku zote ijapokuwa mikono yake sikuwahi kuiona nyeupe. Nilikwenda nikasimama karibu naye kama sina kazi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umepotea?"

"Nimefuata feni."

"Shuleni walikusomesha umeme?"

"Nilisoma fizikia."

"Ukapata nini?"

"D."

"D ya juu au ya chini?"

"Ya katikati."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akanipa spika kuukuu iliyotolewa mlangoni mwa gari na betri moja ya tochi. "Gusa," akasema. Nikagusisha nyaya mbili za spika kwenye ncha mbili za betri, na lile karatasi jeusi la spika likaruka nje, tak. "Geuza." Nikazigeuza nyaya. Karatasi likanywea ndani, tak.

"Basi sasa unajua kuliko nusu ya mafundi wa mji huu," akasema. "Spika ni kifua, mwanangu. Zikiwa mbili garini, zivute pumzi pamoja na zitoe pamoja. Moja ikivuta wakati nyingine inatoa, besi inakufa, na mwenye gari atakuja kukwambia umemuuzia takataka."

Mtu akiambiwa jambo waziwazi namna hiyo, nani angekosea? Mimi. Gari la kwanza nililofunga peke yangu lilikuwa la mwalimu mmoja wa Kilifi, na mlango wa kushoto niliuunga kinyume. Alirudi kesho yake, mpole kabisa, akaniuliza ngoma zake zimekwenda wapi. Fundi Athumani hakufungua kitu. Aliingia, akakaa, akasikiliza labda nusu dakika, akatoka, akanitia ile betri ya tochi kiganjani, akaenda zake kusali adhuhuri. Aliporudi ngoma zilikuwa zimerudi pia. Hakuniambia neno, na mpaka leo naona aibu kuliko kama angenitukana.

Kazi yake yote ilikuwa mambo mawili. Kabla hujafungua, sikiliza. Kabla hujabadilisha, pima. Mnadhani ni rahisi. Mimi nimewaona watu wazima, wenye familia, wakishindwa kukaa kimya ndani ya gari dakika mbili. Wakati mmoja dereva wa hoteli moja Watamu alituletea gari ambalo mlango wake wa kulia ulikuwa unakwaruza. Gereji mbili zilikuwa zimeshambadilishia spika. Fundi Athumani aliniambia nifunge mlango, niwashe muziki, niweke kiganja mlangoni, nisogeze kidogo kidogo kama daktari anayetafuta maumivu. Chini kabisa nikaisikia ile kelele ikinitekenya mkono. Tulipofungua tukakuta kijiko cha aiskrimu kilichotumbukia kwenye upenyo wa kioo. Spika mbili mpya, na mgonjwa ni kijiko. Nilikihifadhi kile kijiko. Nikakitumia kula wali wa mchana kwa miaka.

Mita mnaijua, kile kisanduku cha kupimia umeme chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Ubaya wake ni kwamba nyaya zenyewe ni fupi, na betri ya gari iko mbele, na amplifaya, yaani mtambo unaoikuza sauti, tunaifunga nyuma kwenye buti. Fundi Athumani alikata waya wa manjano wa hatua saba, akatia kibanio kila mwisho, akaniambia, "Mita ilikuwa na mikono ya mtoto. Sasa ina mikono ya mtu mzima." Mafundi wengine walimcheka kwa waya ule. Waliuita kamba ya kuanikia nguo. Alipohamia Lamu kwa binti yake, miaka mitano baada ya mimi kumfuata kwenye feni, hakunipa hotuba wala zawadi. Nilifika asubuhi nikaukuta waya wa manjano umetundikwa kwenye msumari wangu wa kuangikia vifaa.

Nilimzaa Neema mwaka uliofuata. Likizo ilipokwisha mama yangu, ambaye ndiye angebaki naye, alikuwa kitandani Gede na mguu uliovunjika, kwa hiyo Neema nikaja naye kazini, mgongoni, ndani ya leso.

Bwana Faraj alinikuta mlangoni. "Kadzo, hapa si pahali pa mtoto."

"Mbona ni pahali pa paka?"

Alimtazama paka wake, aliyekuwa amelala juu ya amplifaya mpya kabisa, akageuka akarudi ofisini. Nikaichukulia ile kuwa ruhusa. Haikuwa ruhusa. Alikuwa anangoja sababu tu.

Sababu ilikuja kwa jina la Bi Zuhura. Huyu ni mama wa hapa mjini anayekodisha magari ya harusi, na ukitaka bibi harusi wako atoke kwa heshima unakwenda kwake. Alikuwa ameagiza gari jeupe kutoka Japani, na alitaka mle ndani taarabu isikike kama mwimbaji mwenyewe kakaa kiti cha nyuma na shangazi za bibi harusi. Alileta wimbo wake mwenyewe wa kujaribia. "Huu," aliniambia. "Nimeolewa kwa wimbo huu mara mbili. Naujua kila pumzi anayoivuta mwanamke huyu."

Nililifunga gari lile mimi, peke yangu, kwa siku moja. Redio mbele, spika nne milangoni, amplifaya kwenye buti. Waya mwekundu ukatoka betrini mpaka kwenye amplifaya. Waya mweusi, wa hasi, ule unaourudisha umeme, nikaufunga kwa bolti kwenye sakafu ya buti, chini ya zulia, maana bodi yote ya gari ni njia ya umeme kurudi betrini. Hapo kuna jambo moja ambalo fundi mzuri halisahau. Sakafu ya gari ina rangi, na rangi haipitishi umeme. Unachukua msasa, unasugua duara la ukubwa wa kizibo cha soda mpaka chuma kiwe cheupe, ndipo unafunga waya wako. Sasa, nilipofika kwenye bolti ile Neema aliamka akalia. Nikaacha spana, nikakaa juu ya tairi, nikamnyonyesha, nikarudi nikamaliza. Muziki ukapiga vizuri. Bi Zuhura alitoka pale gereji akiimba.

Baada ya wiki mbili, siku ya Jumatatu, alirudi. Hakuwa anaimba.

"Faraj! Mwimbaji wangu mmemkaba koo!"

Sote tulisikiliza. Chini chini, muziki ulikuwa safi. Ukipandisha, kila ngoma ikipiga, sauti ya yule mwimbaji ilikwaruza na kupasuka, kama anaimba na mtu kamkanyaga shingo. Na Alhamisi alasiri gari lile lilikuwa na bibi harusi wa kumchukua Shela ya hapa hapa mjini, watu wamealikwa mpaka kutoka Lamu.

Bwana Faraj alimpa kazi Kazungu, fundi mwenzangu, mtu mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa kununua vipya. Kazungu akabadilisha spika zote nne bila kuzisikiliza hata moja. Jumanne Bi Zuhura akarudi, mwimbaji bado kakabwa. Bwana Faraj akatoa amplifaya mpya rafuni, Kazungu akaifunga kwenye nyaya zile zile. Jumatano asubuhi Bi Zuhura akarudi tena, na safari hii hakuzima injini wala muziki, alilisimamisha gari katikati ya ua likikwaruza, wateja wengine wanatazama.

Bwana Faraj alitoka ofisini kwake. Hakumtazama Kazungu. Alinitazama mimi, na leso yangu, na kichwa cha Neema kilichochomoza begani.

"Hii ndiyo faida ya kufunga mitambo na mtoto mgongoni," akasema, kwa sauti ambayo aliyekuwa barabarani aliisikia.

"Hujui tatizo ni nini, Bwana Faraj."

"Spika ni mpya. Amplifaya ni mpya. Kilichobaki ni kazi yako. Kesho saa tisa gari litoke hapa likiimba. Likikwaruza, chukua mtoto wako na spana zako, usirudi."

Kazungu naye, ambaye angeweza kukaa kimya, hakukaa. "Pole, Mama Neema. Akili imekwenda yote kwenye maziwa."

"Na yako imekwenda wapi, Kazungu, nawe maziwa huna?"

Watu walicheka, lakini kicheko hakikunisaidia. Ngoja niwaambie ukweli ambao sikumwambia mtu siku ile. Nilikuwa naogopa. Nilikumbuka bolti, nikakumbuka kilio cha Neema, nikakumbuka nimekaa juu ya tairi. Kuusugua ule mduara kwa msasa sikukumbuka. Ningeapa nimefunga bolti, lakini kwamba niliisugua sakafu kwanza, nisingeweza kuapa. Na kama sikusugua, basi Bwana Faraj alikuwa na haki, na kila mwanamke atakayekuja pale baada yangu angeambiwa, alikuwepo mmoja hapa, na mtoto wake, tukaona. Hilo ndilo lililoninyima raha. Kazi ningepata nyingine. Ila sikutaka kuwa hadithi yake.

Alhamisi nilifika mapema. Bi Zuhura naye alikwisha kufika, kajifunga buibui lake la sherehe, amekaa mbele ya duka kama mtu aliyekuja kuchukua maiti.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Nipe huyo mtoto. Wewe nitafutie mwimbaji wangu."

Nikampa Neema. Mikono ikawa miwili, mgongo mwepesi, nikaanza mwanzo kama vile gari sijapata kuliona.

Kwanza nikaiondoa amplifaya kwenye safari ya sauti, nikaunga spika yangu ndogo ya kujaribia moja kwa moja kwenye redio. Safi. Redio ni nzima. Nikairudisha amplifaya, nikaiunga na ile spika yangu. Ikakwaruza. Kwa hiyo si spika za milangoni. Zile nne za kwanza Kazungu alizitupa bure zikiwa nzima, Mungu azirehemu. Amplifaya ilikuwa mpya, na ile iliyotolewa ilikwaruza vile vile, na amplifaya mbili haziugui ugonjwa mmoja siku moja. Ikabaki chakula chake. Umeme.

Nikawasha injini, nikapima betrini: volti kumi na nne, sawa kabisa. Nikapima kwenye amplifaya, muziki ukiwa chini: karibu kumi na nne. Nikapandisha muziki. Kila ngoma ilipopiga, namba ilianguka mpaka kumi, ikapanda, ikaanguka tena. Amplifaya ilikuwa inaitwa ipige kelele na huku imenyimwa pumzi. Hiyo ndiyo kukabwa koo, Bi Zuhura alisema kweli tangu Jumatatu.

Umeme unaingia kwa waya mwekundu na kutoka kwa mweusi. Umepotelea wapi? Nikautungua waya wa manjano kwenye msumari.

"Leo tunaanika nguo," Kazungu akasema.

Nikabana mwisho mmoja kwenye ncha chanya ya betri, mwingine kwenye mita, na mkono wa pili wa mita nikaugusisha pale waya mwekundu unapoingia kwenye amplifaya. Muziki juu. Mita haikuonyesha kitu cha maana. Waya mwekundu haupotezi. Nikahamisha kibanio kwenye ncha hasi ya betri, na mkono wa pili kwenye waya mweusi wa amplifaya. Ngoma ikapiga. Volti tatu. Ikapiga. Tatu na nusu. Njia ya kurudi ilikuwa imezibwa.

Nilifurahi kwa kadiri ya pumzi moja. Pumzi ya pili nikakumbuka kwamba njia ya kurudi ni bolti yangu.

"Hiyo nimeshaiangalia," Kazungu akasema, akainama, akauvuta waya mweusi kwa nguvu. "Imekaza kama ndoa ya kanisani."

Na kweli, ilikaza. Zulia lilikuwa limelala vizuri, na nilipolifunua, bolti imekaa wima, waya umekaa chini yake. Mtu yeyote angetazama na kupita. Bwana Faraj alikuwa ameshatoka ofisini, kasimama nyuma yangu na saa yake mkononi. Nikatia spana nikafungua, na moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko spika za Bi Zuhura.

Chini ya ile pete ya mwisho wa waya hapakuwa na chuma cheupe. Palikuwa peusi tititi.

"Enhe," Bwana Faraj akasema.

Nikapitisha kidole. Kidole kikanata. Nikanusa. Ilikuwa lami. Nikaitazama bolti yenyewe, na meno yake yote yalikuwa yamejaa ile lami kama mtu aliyekula kashata. Na mimi, hata kama nilisahau msasa, lami sikupaka. Rangi ya Japani haina harufu ile.

Nikasimama. "Bi Zuhura, nani kafungua buti hili?"

"Hakuna. Wallahi, redio haijaguswa na mtu."

"Sikuulizi redio, mama. Nakuuliza gari. Tangu nilipokukabidhi, gari lilikwenda wapi?"

Alifikiri, huku akimtikisa Neema. "Kilifi mara moja. Kwa shangazi yangu. Na Gede, kupakwa dawa ya kutu. Lakini hiyo ni kupaka tu."

Mnaona? Hakuna Mpwani mwenye gari jipya asiyelipeleka kupakwa dawa ya kutu, ile lami nyembamba ya kulikinga na chumvi ya bahari. Tunafanya hivyo kama tunavyomwosha mtoto mchanga, hatukumbuki hata kusema. Kosa ni kwamba kwa kawaida unapaka kwanza ndipo unafunga muziki, na Bi Zuhura kwa hamu ya taarabu yake alitanguliza muziki.

"Alipaka chini tu, au na ndani?"

"Ndani na nje. Mtu yule ni msafi sana. Alitoa mazulia yote, akafungua kila kitu, akapaka, akarudisha kila kitu mahali pake."

Msafi sana. Hapo ndipo nilipotaka kucheka na kulia pamoja. Mtu mzembe angepaka juu kwa juu, lami ikapita juu ya bolti na waya, na chini yake chuma kingebaki kimeshikana na chuma, na tusingepata shida hata kidogo. Huyu mwema wa Gede alifungua bolti yangu, akaweka waya kando, akapaka sakafu ikaenea, akasubiri, akarudisha waya juu ya lami na kukaza kwa nguvu zake zote. Kazi nzuri, ya mtu anayejiheshimu. Nikikutana naye nitamwamkia kwa heshima.

Lakini jambo langu lilikuwa bado. Lami ilikuwa juu. Chini ya lami kulikuwa na nini? Hilo lilikuwa swali kati yangu na Bwana Faraj, na niliona kwenye uso wake kwamba na yeye analifikiria. Nilichukua kitambaa, nikakichovya kwenye petroli, nikaanza kufuta. Nilifuta polepole. Ikatoka nyeusi, ikatoka nyeusi, ikatoka kahawia. Kisha kikaanza kuonekana kitu kinang'aa.

Duara. Ukubwa wa kizibo cha soda. Chuma cheupe, na mikwaruzo ya msasa imezunguka kama nyuzi za ukindu kwenye kikapu, kila mmoja wa mkono wangu. Nilikuwa nimesugua. Mtoto analia, maziwa yanachuruzika kwenye blauzi, na mikono yangu ilikuwa imesugua bila kuniuliza.

"Bwana Faraj," nikasema, "hebu inama."

"Naona."

"Huoni. Umesimama. Inama."

Aliinama. Nikamwita na Kazungu, nikawaita na wale wateja wawili waliokuwa wakingoja magari yao, mmoja fundi wa friji wa Dabaso ambaye alielewa mara moja akasema, "Ah, kumbe mama alisafisha, yule wa lami akaziba." Nilimpenda mtu yule. Nikasugua upya, nikasafisha bolti jino moja moja, nikafunga, nikakaza. Nikapima. Ngoma ikapiga, mita ikakaa kimya. Hata sehemu ya kumi ya volti ilikuwa ya kutafuta.

Ilikuwa saa saba na robo. Bi Zuhura alitaka kusikia mwenyewe, na kwa kuwa sikutaka Neema awe karibu na spika zile, Bi Zuhura alifanya jambo ambalo nisingethubutu. Alimwendea Bwana Faraj, akamtia mtoto kifuani. "Shika. Kaa kule mlangoni." Naye akashika, akaenda kukaa kule mlangoni, na Neema akazikamata ndevu zake kwa mikono yote miwili.

Bi Zuhura aliingia akaketi kiti cha nyuma, pahali pa bibi harusi. Nikaweka wimbo wake. Nikapandisha. Yule mwimbaji akavuta pumzi, tukaisikia, kisha akaanza, na sauti ikatoka pana, laini, kila neno limekaa mahali pake. Nikapandisha tena. Ngoma zikaingia na hazikumgusa. Bi Zuhura alifumba macho, akapiga makofi ya taarabu juu ya mapaja yake.

"Huyo! Huyo ndiye! Mwacheni aimbe!"

Yule fundi wa friji alikuwa anacheza bega moja. Kazungu alikuja akanishika mkono bila maneno, na kwa Kazungu hiyo ni hotuba ndefu. Nami nilisimama kando ya mlango wa gari, na kucha zangu nyeusi za lami, nikajiona mrefu kuliko mlingoti wa simu.

Bwana Faraj akasogea kutoka mlangoni, Neema bado kamning'inia ndevuni. Alifika hatua tatu kutoka kwangu, akachezesha midomo.

"Sikusikia," nikamwambia. "Muziki uko juu."

Akachezesha midomo tena. Nikaingiza mkono dirishani, nikazima muziki. Bi Zuhura akafumbua macho, Kazungu akabaki na spana hewani, wateja wakageuka.

"Jana ulisema mbele ya watu," nikasema. "Na leo watu wapo."

Aliwatazama wateja mmoja mmoja, kisha akanigeukia.

"Samahani, Kadzo. Ulifunga vizuri. Mimi ndiye niliyekosea."

"Na mtoto je, Faraj?" Bi Zuhura akauliza kutoka kiti cha nyuma.

Bwana Faraj alijaribu kuzitoa ndevu zake kwenye ngumi ya Neema, akashindwa, akaacha.

"Mtoto abaki," akasema.

Nikawasha muziki.